Dongo linapotua kwetu

Msanii akiimba kuhusu waziri mla rushwa, sote ni mashabiki wake. Tunausambaza wimbo, tunamwita sauti ya wanyonge, na akiitwa polisi tunapiga kelele. Sasa wimbo unaofuata amwimbe mzazi anayemwoza binti aliye shuleni, au mimi na wewe tunaompa trafiki kitu kidogo asubuhi na kulaani rushwa jioni. Ghafla hajui anachosema. Anatudhalilisha. Kwani yeye ni nani, na mambo yake tunayajua?

Huyu msanii wa wimbo wa pili ndiye ninayetaka kumsemea, ingawa wanaomtilia shaka wana hoja moja nzito ambayo si haki kuiruka.

Wanasema kuikosoa jamii ni njia ya salama, na watawala wanaipenda. Machi 2017 msanii wa rap Nay wa Mitego alikamatwa Tanzania kwa sababu ya wimbo wake "Wapo", uliodaiwa kuikashifu serikali. Muda si mrefu waziri wa habari wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, msanii aachiwe na wimbo upigwe. Ukaja na ushauri: aongeze na wengine humo ndani, wakiwamo wakwepa kodi na wauza unga. Watu wenye macho waliona kidole kinavyoshikwa taratibu na kuelekezwa chini, kwa raia. Ongeza hapo uchawa wa siku hizi, msanii anayelipwa kupanda jukwaa la kampeni, kisha anashuka na kutuhubiria kwamba shida zetu zinatokana na uvivu wetu. Huyo tukimuuliza nani kamtuma, hatujamwonea.

Lakini swali hilo linamfaa aliyetumwa. Asiyetumwa je?

Mchukue Remmy Ongala. Enzi za bendi yake ya Super Matimila aliimba "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuwahimiza watu watumie kondomu wajikinge na ukimwi, na Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Aliye mdogo leo hawezi kuonja uzito wa neno "ikakataa". Redio binafsi zilikuwa hazijaanza, intaneti haikuwapo. Wimbo uliokataliwa pale ulibaki kwenye kumbi za dansi na kaseti za mkono kwa mkono, basi.

Na sasa weka kalenda pembeni ya wimbo huo. Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa umeripoti wagonjwa. Miaka mitatu! Ugonjwa ulitoka ukingoni mwa Ziwa Viktoria ukafika Lindi na Mtwara bila kuomba kibali cha mtu yeyote, halafu wimbo wa kuuzuia ndio ukakosa kibali. Kila nikiirudia hesabu hii najikuta siwezi kuipita haraka. Najiuliza ni vijana wangapi waliokuwa wakisikiliza redio ile kila jioni, wakasikia kila kitu isipokuwa hilo moja.

Tena Remmy hakumtukana mtu. Hakumtaja waziri wala chama. Hata kondomu yenyewe aliivika tafsida, akaiita soksi, kama mtu anayebisha hodi mlango ukiwa wazi. Alichofanya ni kuzungumza hadharani kuhusu jambo ambalo kila mtu mzima alilijua na kila nyumba ilikuwa imekubaliana kulinyamazia. Redio ilikuwa ya serikali, ndiyo, ila sidhani kama ilimwogopa rais katika suala hili. Ilituogopa sisi: wazazi, viongozi wa dini, wazee wenye heshima zao. Kwa hiyo ile njia inayosemwa ni ya salama, mimi siioni. Serikali ikikufungia wimbo, mtaa unakutetea. Mtaa ukikufungia masikio, unakimbilia wapi?

Mwandishi Euphrase Kezilahabi aliyaona hayo mapema zaidi. Riwaya yake "Rosa Mistika" ilitoka mwaka 1971, ikazuiwa kwa muda shuleni kwa madai kwamba haiwafai vijana. Ndani yake yumo Zakaria, baba mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na mengi yanayomkuta Rosa baadaye yana mizizi katika malezi yale ya vitisho. Waliokasirika walikasirikia kitanda. Fimbo ya Zakaria haikumuudhi mtu.

Kuna wanaosema msanii anaanika aibu zetu mbele ya wageni. Hilo halinisumbui sana. Aibu yenyewe ingeshughulikiwa ndani, kusingekuwa na cha kuanika. Linalonisumbua ni lile la nyani haoni kundule. Wasanii wengi wanaokemea ulevi tunakutana nao baa. Mipasho ya taarabu imetuzoesha dongo la aina hiyo, linalomlenga jirani na kumwacha mrushaji akimeremeta.

Ila fasihi yetu ina mfano mwingine, tena mkongwe. Katika utenzi wa "Al-Inkishafi", Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anautazama mji wa Pate, katika pwani ya Kenya, ulivyoporomoka, majumba ya matajiri yamebaki magofu. Angeweza kuwasuta wenye majumba wakiwa makaburini, wasingemjibu. Badala yake anauandama moyo wake mwenyewe, anauuliza kwa nini hauzinduki na hali unaona. Pate imekufa kwa kiburi, na kiburi hicho anakitafuta kwanza kifuani mwake. Ndicho kipimo ninachokitumia siku hizi nikisikiliza wimbo unaotusema: je, mwimbaji yumo ndani ya wimbo, au amesimama juu ya kilima anatuonyesha njia?

Remmy alikuwamo. Hakuja na koti jeupe la daktari. Alikuwa mwanamuziki wa dansi, mtu wa usiku na kumbi, palepale ambapo mambo aliyoyaimba yalikuwa yakianzia, na aliokuwa akiwaonya walikuwa mbele yake wanacheza.