Saa ya maji kwanza, alfajiri baadaye

Makala ninayoijibu hapa imeeleza vizuri siku ya kutazama ndege katika hifadhi ya pwani, ila ushauri wake wa kufika alfajiri, ambao unafaa sana msituni, haumsaidii sana mtu anayewatafuta ndege wa ufukweni. Vitwitwi, chamchanga na sululu hufuata maji kuliko jua. Maji yakipwa, hutawanyika kwenye tope kutafuta minyoo, kaa na chaza, mara nyingi mbali mno hata kwa darubini nzuri. Yakianza kujaa, husukumwa taratibu kuelekea nchi kavu, hadi wanapokusanyika kwa makundi kwenye kipande kidogo cha mchanga kilichobaki. Kwa hiyo ni vyema kusoma jedwali la maji kabla ya kuondoka nyumbani, kuwa mahali pako saa mbili hivi kabla ya maji kujaa kabisa, na kuliacha jua mgongoni. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana, hupendeza zaidi.

Jambo ambalo makala imelipita haraka mno ni umbali kati ya mtazamaji na ndege. Kundi linaporushwa kwa ajili ya picha (na wapiga picha, kwa maoni yangu, ndio wakosaji wakubwa), hupoteza nguvu linazozihitaji kwa safari ndefu ya kuhama. Mwaka 2022 sululu mchanga mwenye kifaa cha setilaiti aliruka kutoka Alaska, Marekani, hadi kisiwa cha Tasmania, Australia, bila kutua, zaidi ya kilomita 13,500 kwa siku 11, akitegemea mafuta ya mwilini tu. Ndege wakiacha kula na kuinua vichwa vyao wote pamoja, mtazamaji amekwisha kusogea kupita kiasi.