Kiuno cha Nyigu, Amin

Jamani, mimi sikumtongoza mjane. Tuanze hapo. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu keshaizungusha Ngamiani yote, hapa Tanga, kwamba mzee mzima nimemtupia mjane beti hitimani, marehemu hata arubaini haijafika, na sauti ya kurekodi anayo. Mjane yuko eda, chumba cha ndani kabisa, wala hana habari nami. Na wewe mpwa wangu uliyeandika "anko hatari" ukapamba na vimoto, nimekuona. Utakuja kutaka nauli ya Korogwe.

Chanzo ni chuo. Mnajua nimestaafu, na mnajua nilivyokataa kushinda kwenye bao nikaenda kujiandikisha kusoma utunzi na vijana wa rika la wajukuu zangu. Mwalimu mwenyewe mdogo kuliko kitinda mimba wangu: ananipa shikamoo mlangoni, tukiingia ndani ananikata maksi bila huruma. Safari hii akataka kila mtu alete shairi la mapenzi. Wenzangu wakakimbilia mashairi huru, neno moja kila mstari, wakamaliza wakaenda zao Raskazone kuogelea. Mimi nikaona haya. Huu ni mji wa Shaaban Robert, kazaliwa Vibambani 1909, kazikwa Machui 1962, leo mimi nipeleke shairi lisilo na kina? Nikienda Machui nitapita njia gani?

Basi nikashika tarbia ya kisawasawa: mishororo minne, wa mwisho ndio kituo, kila mmoja mizani (silabi) 16, 8 za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, 8 za utao, nusu ya pili, vina kati na mwisho. Mshororo wa kwanza ulinijia wenyewe bafuni:

*Kiuno chako cha nyigu, chanitoa usingizi.*

Hesabuni wenyewe, imetimia. Wa pili niliupata kwa jasho:

*Moyoni nina vurugu, sipati hata pumzi.*

("Pumzi" ni mizani 3, hiyo m inasimama peke yake, msinibishie.) Wa tatu ndio ulionikaba. Vina vya -gu vikaniishia. Kila nikitafuta linakuja "ndugu". Sasa mapenzi gani hayo ya kumwita mtu ndugu, utadhani katibu wa tawi?

Nikaenda hitimani, barabara ya 12, na mzigo huo kichwani. Juzuu zimesomwa, mimi nimejikalia mkekani pembeni, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, midomo yacheza, dole gumba lapita kwenye pingili za vidole mojamoja. Nahesabu mizani. Ni-hu-ru-mi-e-e-ndu-gu. Nane. Narudi mwanzo. Kumbe wazee wananitazama, wanaona mtu yuko kwenye uradi mzito! Mimi huyu, ambaye msikitini hunipati ila Ijumaa.

Shehe akasema, "Dua leo atatufungia mzee wetu yule pale. Naona amezama."

Kipaza sauti kikaanza safari, mkono kwa mkono. Nakiona kinakuja. Natikisa kichwa, watu wanadhani unyenyekevu. Kikanifikia. Mikono yote juu, macho yamefumbwa. Spika nyingine iko uani kwa wanawake. Naijua, nilisaidia kuifunga. Nikaitafuta "Alhamdulillahi" kichwani, nikaiona kabisa, iko kule nyuma, lakini mlangoni kasimama nyigu. Nikafungua kinywa.

"Kiuno chako cha nyigu..."

"Amin!" Mkeka mzima. Sauti moja, tena kwa imani.

Hapo mtu mwenye akili zake angekohoa. Lakini yakhe, ukwapi ukishatoka, utao haungoji ruhusa.

"...chanitoa usingizi."

"Am..."

Mikono ikaanza kushuka, mmoja mmoja. Jicho moja likafumbuka, la pili, la shehe. Uani masufuria yakaacha kugongana. Nilisikia kabisa yanavyoacha. Ubavuni pangu kakaa kaka wa marehemu, masikio yake mazito, yeye bado mikono juu na machozi yanamtiririka. Nikamgeukia nipate msaada. Ulimi ukanitupia ule wa tatu, ule ule usiofaa:

"Nihurumie e ndugu!"

"Amiiin!" akaitikia peke yake, kisha akanikumbatia na kipaza sauti katikati yetu. Mlio uliotoka hapo uliamsha mbwa mpaka barabara ya 15.

Shehe akakinyakua, akaita Fatiha mbiombio. Pilau ikaja, sikuigusa. Mke wangu akatoka uani kajitanda hadi puani, akasema, "Mie kiuno changu unakijua. Huyo wa nyigu nani?" Nikamjibu ni kazi ya chuo. Tangu hapo najipikia. Kaka wa marehemu ndiye pekee anayenisifu, anawaambia watu hajawahi kusikia dua yenye uchungu namna ile.

Ile rekodi ya fundi nayo imefika chuoni. Asubuhi hii nimepata ujumbe:

"Shikamoo mzee. Nimesikiliza. Mizani imetimia, hongera. Hilo 'ndugu' badilisha, na kituo sijakisikia. Mwisho wa kukusanya ni Jumatatu saa sita mchana."