Ukristo kubwa, uislamu ndogo?!
Jamani hii imenikera, nimepeleka kazi ya mdogo wangu stesheneri hapa Tabora mjini wachape, narudi nakuta Ukristo umeanza na herufi kubwa halafu uislamu ndogo, mstari huohuo! Muislamu akisoma si ataona dini yake imedharauliwa? Dini zote weka kubwa, basi. Ubepari, ukomunisti, hizo itikadi andika ndogo tu, ila Umaksi kubwa maana una jina la mtu ndani, Karl Marx. Sasa wao Ubepari kubwa kila sehemu kama jina la mtu! Ujamaa wa Azimio la Arusha 1967 ukiuandika kubwa nakuelewa, ile ilikuwa siasa yetu maalumu, lakini ukichagua shika hiyohiyo mpaka ukurasa wa mwisho. Kurasa 12 nimeshalipia, zote zinarudiwa.