Borlaug, ngano fupi na kutu iliyorudi

Wanaomsifu Norman Borlaug, Mmarekani aliyezalisha mbegu mpya za ngano, huanza na shibe: India ilivuna ngano kama tani milioni 12 mwaka 1965, ikafika tani milioni 20 mwaka 1970, mwaka uleule aliotunukiwa Nobel ya Amani. Wanaomlaumu huanza na Punjab, eneo la ngano nchini India: visima vinavyozidi kwenda chini, mbolea na dawa kila msimu, na mkulima mdogo aliyezidiwa na gharama. Hakuna anayesema uongo hapo. Ila adui aliyemshughulisha mtu huyu tangu mwanzo alikuwa kutu, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngano, na nadhani huko ndiko kwa kumpimia.

Borlaug, mtoto wa shamba la Iowa, alisomea magonjwa ya mimea. Alipofika Mexico mwaka 1944, kutu ya shina ilikuwa imewachosha wakulima. Ngano hujichavusha yenyewe, kwa hiyo anayetaka kuoanisha mbegu mbili huinama shambani na kibano, hufungua viua vya suke kimoja kimoja, huvitoa viungo vya kiume kabla chavua haijapevuka, kisha hulivisha suke mfuko wa karatasi. Baada ya siku chache hurudi na chavua ya mbegu nyingine. Hapo bado miaka ya kuchagua.

Borlaug hakuwa na subira hiyo. Alipanda nyanda za juu karibu na Jiji la Mexico wakati wa kiangazi, akapanda tena Sonora, kaskazini mwa nchi hiyo, wakati wa baridi, vizazi viwili kwa mwaka. Mkuu wake alipinga hadi Borlaug akatangaza kujiuzulu, ndipo akaruhusiwa. Kuhamahama huko kukazaa faida ambayo hakuipanga: mbegu zilizosalimika hazikujali urefu wa mchana, zikakubali kuota India na Pakistan kama zilivyoota Mexico.

Kisha akaingiza jeni za ufupi kutoka ngano ya Kijapani, Norin 10, alizozipata kwa Orville Vogel wa Marekani. Bua fupi halilali suke linaposhiba mbolea. Lawama ya Punjab ina mashiko hapa, maana bila mbolea na maji mbegu ile haioneshi makali yake. Lakini ruzuku ya mbolea na umeme wa pampu viliamuliwa na wanasiasa. Kumtwika Borlaug mzigo wote huo ni kumwonea.

Lawama ninayoshindwa kuipangua ni nyingine. Mbegu inayokubali kila mahali husambaa kila mahali, na kinga yake husambaa nayo. Jeni ya Sr31, iliyotoka kwa rai, nafaka iliyo ndugu wa ngano, ilizuia kutu ya shina kwa miongo kadhaa, ikajaa katika mbegu za nchi nyingi. Mwaka 1998, nchini Uganda, ilionekana kutu iliyoishinda. Ikaitwa Ug99, na upepo ukaifikisha Kenya, Ethiopia, Yemen hadi Iran. Ajabu ni kwamba baadhi ya mbegu za mwanzo za Borlaug, kama Kentana 48, zilikuwa na damu ya ngano ya Kenya, iliyotafutwa kwa sababu ya ukinzani wake dhidi ya kutu.

Watetezi wake watasema kwamba mtandao uleule wa watafiti uliosambaza mbegu ndio ulioweza kupiga mbiu dhidi ya Ug99, na Borlaug mwenyewe, akiwa na miaka 91, alikuwa Nairobi mwaka 2005 kuipiga. Kweli. Hilo linanifanya niegemee upande wake, ingawa si kwa raha: aliyelimaliza tatizo kwa haraka ndiye aliyelirahisishia njia ya kurudi.

Huko Njoro, nchini Kenya, leo, maelfu ya mistari ya ngano, yaani aina za majaribio, kutoka nchi mbalimbali hupandwa kila mwaka, na kutu huletwa makusudi kwa kuzungushia ngano dhaifu inayoipokea upesi. Watafiti hupita mstari kwa mstari wakikadiria sehemu ya bua iliyoliwa. Ulioonekana safi msimu uliopita nao hupandwa upya, upimwe tena.