Rangi ya Mzizi Bila Kung'oa Mzizi

Tangu Marekani ilipopiga marufuku rangi nyekundu namba 3, rangi ya viwandani, kwenye vyakula, Januari 2025, rangi za mimea zimezidi kusakwa. Ubishi nao umepanda. Wapo wanaosema rangi inayotoka kwenye seli za mmea zilizokuzwa maabara ni ya kughushi, tena ni njia ya kumnyang'anya mkulima tonge mdomoni. Hofu ya mkulima naielewa. Hilo la kughushi silikubali.

Tazama mmea wa murasaki wa Japani. Mizizi yake ina shikonini, rangi ya zambarau iliyopendwa na wakubwa wa zamani wa nchi hiyo. Unaulea mmea miaka kadhaa, unaung'oa, unaukausha mzizi, na rangi inayopatikana ni asilimia 1 au 2 tu ya uzito wake. Kila mavuno ni kifo cha mmea. Haishangazi kwamba murasaki wa porini uko hatarini kutoweka, na Japani ikawa inaagiza mizizi kutoka China na Korea.

Mamoru Tabata na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyoto walizikuza seli za mmea huo kwenye chupa, wakakuta zina tabia zake. Ukiziweka kwenye mwanga, hubaki zimepauka. Gizani huiva na kuwa nyekundu. Zikilishwa chakula chenye amonia, huacha kutoa rangi. Kwa hiyo kampuni ya Mitsui Petrochemical ilipoanza kuzalisha shikonini mwaka 1983, ilitumia matangi mawili: la kwanza la kuzinenepesha seli, la pili, lenye chakula kingine, la kuzifanya zitoe rangi. Kazi yote ilichukua wiki 3 hivi, na rangi ikapita asilimia 10 ya uzito mkavu wa seli.

Hesabu hii nimeirudia mara nyingi. Tuseme mzizi unangojewa miaka 5. Ndani ya muda huo tangi linaweza kuvunwa zaidi ya mara 80, kila mara kwa kiwango ambacho mzizi haukifikii, na hakuna mmea hata mmoja uliong'olewa. Shikonini yenyewe ni ileile, imetengenezwa na seli zilezile za murasaki. Wajapani waliipaka midomoni, kwenye lipstiki za kampuni ya vipodozi ya Kanebo. Wakulima wetu wanaopanda migomba ya tishu, ile ya miche iliyokuzwa maabara, hawasemi ndizi zake ni za kughushi.

Upande wa pili una hoja nzito. Tangi linataka usafi wa hali ya juu, sukari, hewa na umeme usiokatika. Bakteria wakiingia, mzigo wote unamwagwa. Seli nazo huchoka, vizazi vikipita baadhi husahau kutoa rangi. Gharama hizo zilibebeka kwa sababu shikonini iliuzwa karibu dola 4,000 kwa kilo, na ni rangi chache zinazofika bei hiyo. Kuhusu wakulima, historia haidanganyi: indigo, rangi ya buluu, iliyotengenezwa viwandani na kampuni ya Kijerumani ya BASF ilipoingia sokoni mwaka 1897, haikuchukua miaka mingi mashamba ya indigo ya India yakaporomoka.

Ndiyo maana nisingependa kuona mti wa mzingefuri ukipelekwa chupani. Nenda Kwale, pwani ya Kenya, pasua ganda lake lenye manyoya, sugua mbegu kwa vidole: rangi ya machungwa inakuganda papo hapo. Mbegu zinachumwa, mti unabaki, msimu ujao unazaa tena, na familia inapata ada ya shule. Hina ni hivyo hivyo, unachuma majani na kichaka kinachipua. Hapo maabara haina la kuokoa.

Mdaa ni habari nyingine. Mizizi yake ndiyo inayotia ukindu weusi kwenye mikeka ya pwani, na rangi zake ni za ukoo mmoja na shikonini. Kule Etsha, Botswana, wasusi wa vikapu wanaotumia maganda ya mizizi ya jamii hiyohiyo ya mti walifika mahali pa kuufuata mbali kwa sababu wa karibu ulikwisha. Kama kuna seli ambazo vyuo vyetu vingepaswa kuzitia chupani kwanza, ni hizo za mdaa, na wasusi wa mikeka wawemo tangu siku ya kwanza.