Anzia chini, ngumi zitafuata

Vijana wengi wa Kampala wanaoniuliza habari za MMA, mchezo wa kupigana unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, huwa wameshanunua glavu kabla hata ya kupata kocha. Siwashangai. Hii ni nchi ya ngumi: Ayub Kalule alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1979, John Mugabi akarudi na medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na ukipita Naguru jioni hukosi kukutana na watoto wanaoruka kamba. Hata hivyo, msimamo wangu ni mmoja: anayeanza MMA aanzie chini, kwenye mkeka, ajifunze mieleka, judo au jiu-jitsu (mchezo wa kukabana na kupindana viungo chini) kabla ya kuhangaika na mateke.

Mtazame Francis Ngannou. Mkameruni huyu alichimba mchanga utotoni huko Batié, akaanza ngumi akiwa na miaka 22, akafika Paris mwaka 2013 akiwa hana kitu. (Wewe unayedhani umri umekutupa mkono, soma tena hapo.) Ngumi yake ilitisha dunia nzima. Lakini Januari 2018, alipogombea ubingwa wa uzito wa juu wa UFC, kampuni kubwa ya mapambano ya MMA, bingwa Stipe Miocic alimkamata, akamwangusha na kumlalia hadi raundi tano zikaisha. Ngumi ile haikumsaidia kitu akiwa mgongoni. Akarudi kujifunza. Machi 2021 alizuia kuangushwa, akamzimisha Miocic huyo huyo na kuvaa mkanda. Januari 2022, goti likiwa bovu, alimshinda Ciryl Gane kwa kumbwaga chini. Mpiga ngumi hatari kuliko wote aliutetea ubingwa wake kwa mieleka!

Nasi mieleka si ngeni kwetu. Mtoto aliyekulia Buganda akicheza kigwo, mieleka yetu ya jadi, tayari anajua kushika kiuno na kutega mguu, na huo ni mtaji. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta ukumbi wenye jina kubwa, ulizia klabu ya judo au ya mieleka iliyo karibu nawe, ya kufika kwa taksi moja au kwa miguu. Ukumbi wa mbali utakushinda ndani ya mwezi mmoja, nauli tu itakumaliza.

Wiki za kwanza jifunze kuanguka. Kidevu kibane kifuani ili kisogo kisigonge chini, mgongo ukunje, na mkono upige mkeka ukiwa umenyooka, kiganja kikielekea chini, kando kidogo ya mwili. Usijikinge kwa kutanguliza mkono nyuma, kwani ndivyo vifundo na viwiko vinavyovunjika. Kisha ujifunze kutoka chini ya mtu: geuka ubavu, kanyaga mkeka kwa unyayo, sukuma kiuno nyuma mpaka goti lako lipate nafasi ya kuingia kati yenu. Zoezi hilo linachosha na halipendezi kupigwa picha, lakini lifanye kila siku ya mazoezi.

Na ujue kugonga, yaani kumpigapiga mwenzako au mkeka kwa kiganja kuonyesha kwamba umekubali kushindwa. Ukikabwa shingoni, mishipa ya pande zote mbili ikibanwa, unaweza kuzimia kabla ya kuhesabu hadi kumi. Ukipindwa kisigino, goti linaweza kuchanika kabla hujasikia maumivu. Gonga mapema, mwachiane, muanze upya. Anayekucheka kwa kugonga hafai kuwa mwenzako wa mazoezi.

Ngumi nazo utajifunza, na makocha wazuri tunao. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni ile tabia ya kumwingiza mgeni ulingoni siku ya kwanza apigwe na wenyeji eti wapime moyo wake. Moyo haupimwi kwa kuumiza ubongo. Miezi ya mwanzo piga gunia, piga pedi za kocha, na mkipigana mazoezi iwe kwa mkono mwepesi. Ukipigwa kichwa ukasikia kizunguzungu au kichefuchefu, acha hapo hapo, umwone daktari, na usirudi mpaka akuruhusu. Kocha akikuambia ujikaze, badilisha kocha.

Siku tatu kwa wiki zinamtosha mtu anayeanza, hasa kama mchana anabeba mizigo au anaendesha boda. Chakula usikifanye kitendawili: posho (ugali), maharage, mukene (dagaa), mayai na karanga vinajenga mwili vizuri, kwa hiyo hela ya poda za madukani iweke kwenye ada ya klabu. Kujinyima maji ili kupunguza uzito sahau kabisa, hujafika huko.

Vifaa pia ni vichache. Kaptura isiyo na mifuko wala zipu utaipata soko la Owino, kwani vidole hunasa mifukoni na zipu huchana ngozi ya mwenzako. Glavu za klabu azima kwanza, ila bandeji za mikono ziwe zako na uzifue. Kinga ya meno nunua mpya, ile ya kulainisha kwa maji ya moto na kuing'ata ikae sawa na meno yako, na usimwazime mtu.