Ndege ya Mzee Ilikataa Kupanda

Kama uliwahi kuwa kwa jam ya Lang'ata Road mchana ukaona kandege keupe kanapita chini hadi unaweza soma namba zake bila miwani, basi ulituona, na yule aliyeshikilia kiti kwa mikono miwili nilikuwa mimi.

Ndege ni Cessna 172 ya miaka ya hamsini, zile za kwanza kwanza, injini ya Continental ya nguvu za farasi 145, na mwenyewe ni mzee fulani anayeipenda kuliko watoto wake, na watoto wanajua. Alikuja hanga kwetu pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, akilalamika eti haipandi na hata ikipanda haikimbii, kitabu kinasema maili 120 hivi kwa saa na yeye anasukuma 95 na jasho juu. Fundi mkubwa akaniambia we panda naye uone. Nikaona. Tumetoka chini vizuri, halafu mshale wa kuonyesha mnapanda kwa kasi gani ukakaa tu karibu na sifuri umetulia, mzee akanigeukia akasema, "Kijana, inama mbele kidogo." Nikainama. Mpaka leo sijui ilikuwa isaidie nini. Tukaingia juu ya mbuga na nakwambia twiga hawakuhitaji kuinua shingo.

Kurudi hanga kila mtu ni daktari. Huyu ati plagi zina masizi, yule ati kuna mtu alibadilisha propela akaweka ya mwendo badala ya ya kupanda, mlinzi wa geti naye akasema ndege imeangaliwa vibaya na jirani. Mimi nikajaribu kumweleza mzee kwa upole kwamba kwanza hao farasi 145 ni wa usawa wa bahari, Wilson iko futi 5,500 hivi, na kila futi 1,000 ukipanda hewa inakuwa nyepesi, injini ya aina hii inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu, ongeza jua la saa saba linaloifanya nyepesi zaidi, ikifika nyuzi 27 ndege inajiona iko futi 8,000 na zaidi, kwa hivyo hapa hata ikiwa nzima una farasi 110 hivi.

"Na wale 35?"

"Wako Mombasa mzee."

Akanyamaza kidogo. "Na bima nalipia wote?"

Tukaja kwa uzito, na hapo ndio maneno. Kwa karatasi mzee amejiandika kilo 75, na mtu yeyote mwenye macho anaona hiyo ni ya enzi za Moi. Hakutaka kupimwa kabisa, ilibidi tuazime mizani ya mama wa viazi, mzee akakanyaga, mama akasoma kwa sauti hanga yote ikasikia: "Mia na nane! Huyu ni gunia na debe juu!" Kwa buti ya ndege tukatoa begi la gofu, jeki ya gari (ya nini huko juu?) na zulia lililonyonya maji ya mvua tangu sijui lini.

Lakini bado. Takometa, ile mita ya mizunguko ya injini, tulipoilinganisha na ile mashine ya kuhesabu mapanga ya propela kwa mwanga ilikuwa inadanganya, inajiongezea mizunguko karibu 100, vitu vizee ndio hivyo. Magneto za kupatia plagi moto sawa, kompresheni sawa, kibati cha kufungia hewa moto ya kabureta kinafunga vizuri.

Ikabaki sailensa. Ziko mbili, kila moja inahudumia silinda tatu, na ndani kuna mabati ambayo yakichomeka miaka mingi hukatika yakaenda kuziba pahali moshi unatokea, sasa nusu ya injini inakosa pumzi. Ni kitu cha kuogopa pia kwa sababu hapo hapo ndio joto la kabini linatolewa, ikipasuka mnavuta moshi na hamjui. Tukafungua ya kulia, nikaitikisa, ikalia kama kayamba. Nikasema wacha nitafute kioo cha kuchungulia, mzee huyo akaninyang'anya, shati jeupe, anaenda ruracio, sherehe ya mahari, saa nane, akaiinua juu mdomo ukimwangalia na kuipiga na nyundo ya mpira.

Masizi ya miaka mingi yalishuka yote. Tukabaki tunaona macho na meno. Kisha kipande cha bati, saizi ya kiganja, kikaanguka ting! kwa kiatu chake, na mzee akakiokota akasema kwa furaha, "Ndiye huyu!" Alienda ruracio hivyo hivyo, nasikia wakwe walidhani ni fundi wa jiko.

Tulimwekea sailensa mpya, ikapanda poa. Juzi akanipigia kutoka Ukunda, huko pwani, upepo unavuma kwa simu, anapiga kelele: "Kijana! Wale farasi wako 35 nimewapata, wako huku wote, ndege imeruka ni kama imetupwa! Sasa niambie, nitawarudisha Nairobi na nini?"